Nyaya za Ndege ya Hendon
Kaskazini ya London, pale Hendon, pana makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, yaliyofunguliwa mwaka 1972. Humo imo Sopwith Camel, ndege ya vita ya mabawa ya ngazi mbili, ya mbao na kitambaa. Aundaye vielelezo vya plastiki na atazame kwanza nyaya zake. Zipo zizuiazo mabawa yasikunjike juu ndege irukapo. Nyingine huyazuia yasilegee ikiisha kutua. Uhai wa rubani ulikuwa humo.

Kwa kipimo cha 1 kwa 72, upana wa mita 8.5 huwa sentimita 12 tu, na waya huwa kama unywele. Wengi huziacha, nami kielelezo kisicho nyaya sikihesabu kuwa ndege. Kijiti cha plastiki kikilainishwa juu ya mshumaa, kisha kikavutwa upesi, hutoa uzi ufaao.