Bagamoyo na Wazee Wetu

Hivi, mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kutoka na wazazi wenu kwa matembezi tu, si msiba wala harusi, ilikuwa lini? Mimi nikijiuliza swali hilo naona aibu.

Marehemu baba aliniomba nimpeleke Bagamoyo. Yeye na mama walikutana kule mwishoni mwa miaka ya 1970, wote walimu vijana wa shule ya msingi. Kutoka Dar ni kilomita kama 70 tu, lami tupu. Nikamjibu, "Mwezi ujao, baba." Mwezi ulipofika jarida lilikuwa linakwenda mtamboni. Uliofuata gari likawa gereji. Baba akafariki bila kwenda.

Safari hii nikaapa kwamba mama sitamfanyia hivyo. Nilipompigia simu, alikuwa na sharti moja: "Twende na mwenzangu."

Mwenzake ni mwalimu mstaafu ambaye sisi tumekua tukimwita Mama Mdogo. Undugu wa damu hatuna, lakini amenibeba mgongoni, na kwenye kicheni pati yangu ndiye aliyenifunda. Siku hizi miguu inamsumbua, na presha ya macho imeanza kumpunguzia kuona. Kusema ukweli niliona usumbufu, tena gari letu dogo. Mume wangu akasema, "Si tuazime Noah ya kaka?" Nikakosa kisingizio.

Tuliondoka saa 12 asubuhi kukwepa foleni ya Tegeta. Kufika Mapinga, bibi wawili walikuwa wameshanoga: hapa palikuwa pori, pale basi lilikwama tukasukuma na viatu mkononi. Huko nyuma wanangu walisahau kabisa kuniomba simu.

Tulianzia Kaole, kusini kidogo ya mji, kwenye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya Waswahili wa kale. Tukatembea taratibu, tukipumzika kila penye kivuli. Halafu tukaenda Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Ndipo ulipo mnara wa kanisa la zamani ulikolazwa mwili wa David Livingstone mwaka 1874, baada ya kina Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mwanangu wa kwanza akauliza, "Kwa miguu kweli, Bibi?" Somo likaanza upya. Mwalimu hastaafu!

Kuna pia mbuyu mkubwa uliomeza mnyororo, kikabaki kipande tu nje. Mama Mdogo aliupapasa, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Hapa ndipo baba yako aliponipa barua ya kwanza nimpelekee mama yako," akaniambia. "Anatetemeka huyo! Nikaifungua, nikaisoma. Makosa matatu ya tahajia. Nikamrudishia akaandike upya."

Mama akamaka. "Shoga, miaka yote hii hukuniambia?"

"Ungemkataa!"

Basi bwana, mama alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, na akaendelea kuyafuta muda mrefu baada ya kicheko kuisha. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu tumzike baba. Mimi baba nilimjua mtu mzima, mkali, mwenye miwani. Yule kijana anayetetemeka na barua mkononi anamjua mtu mmoja tu aliye hai, na mimi nilitaka kumwacha nyumbani kwa sababu ya nafasi kwenye gari.

Mchana tulikula samaki wa kukaanga karibu na soko la samaki ufukweni. Mama Mdogo ndiye aliyepatana bei. Nisingethubutu kumwingilia.

Mpenzi msomaji, tunawatumia wazee wetu hela kwa simu, na wanashukuru. Lakini hela haisikilizi hadithi. Ukipanga matembezi, waulize wao wanataka kwenda wapi. Ondokeni mapema, bebeni dawa zao, maji na kiti cha kukunja, na msipange sehemu nyingi. Na kama mzee wako ana rafiki wa siku nyingi, mchukue pia. Kuna mambo ya mama yako ambayo rafiki yake tu ndiye anayo.

Jioni tulimfikisha Mama Mdogo kwake. Nilipomshusha alining'ang'ania mkono.

"Mwanangu, natamani niione Lushoto tena. Wakati macho bado yanaona kidogo."

Ulimi wangu ukataka kusema "mwezi ujao". Nikatoa simu, nikafungua kalenda, nikamtajia tarehe.