Barua kwa Musa: wenyewe ni wewe

Brooklyn Park, Minnesota
Oktoba 2025

Mpendwa Musa,

Hongera tena kwa kiapo cha uraia. Mama yako alinipigia simu kutoka Kisii akanisomea jina lako neno kwa neno kwenye picha ya cheti uliyomtumia. Furaha yake ni yangu pia. Lakini siku ile ya karamu ulisema jambo ambalo sikutaka kulijibu mbele ya wageni: kwamba uraia uliutaka kwa ajili ya pasipoti, na siasa za Marekani utawaachia wenyewe. Nakujibu leo, mwanangu. Wenyewe ni wewe.

Juni 2024 ulikesha na simu ukifuatilia Mswada wa Fedha wa Kenya. Ulinieleza kodi ya mkate na ushuru wa magari kifungu kwa kifungu, na ulijua mbunge wenu alipiga kura upande gani. Vijana wa rika lako waliusoma mswada ule, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani, na wako ambao hawakurudi kwao. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuniambia kwamba mwananchi hana nguvu. Sasa nikuulize: mwakilishi wako katika Bunge la jimbo hili ni nani? Kila nikikuuliza unanijibu kwa habari za Washington.

Washington ni muhimu, nitaifikia. Lakini sehemu kubwa ya maisha yako huamuliwa Saint Paul, makao makuu ya jimbo, mwendo wa nusu saa hivi kutoka kwako. Angalia mwaka 2023. Chama cha DFL, ndicho Democrats wa hapa, kilikuwa na Seneti ya jimbo kwa viti 34 dhidi ya 33. Kiti kimoja tu cha ziada. Kwa kiti hicho Bunge lilipitisha chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto, asubuhi na mchana, bila kumwuliza mzazi anapata mshahara gani. Likawarudishia haki ya kura watu zaidi ya 50,000 walio nje ya gereza lakini bado wako chini ya uangalizi baada ya kuhukumiwa. Likaweka likizo ya malipo kwa mwenye kujifungua, mgonjwa au anayeuguza, itakayoanza Januari ijayo. Na leseni ya udereva! Tangu 2003 mtu asiye na karatasi za uhamiaji alikuwa haipati. Unawajua ndugu zetu waliokuwa wakiendesha gari kwenda kazini roho mkononi. Oktoba 2023 walianza kuzipata, kwa sababu makanisa, vyama vya wafanyakazi na wahamiaji wenyewe hawakuacha kubisha kwenye milango ya Bunge kwa miaka mingi.

Na kazi yetu sisi. Mwaka huohuo sheria iliunda bodi ya viwango vya kazi katika nyumba za wazee. Ina wajumbe tisa: watatu wa serikali, watatu wa waajiri, watatu wa wafanyakazi. Mimi nimegeuza na kuosha wazee kwa miaka mingi, na sikuwahi kuona mahali ambapo mtu wa kazi yangu anaketi meza moja na mwenye nyumba ya wazee kupanga malipo ya chini kabisa yawe kiasi gani. Sasa meza hiyo ipo kisheria. Wakenya tumejaa katika nyumba hizo, kila zamu utasikia Ekegusii na Kiswahili kwenye korido. Ukiniuliza kwa nini mimi ni wa mrengo wa maendeleo, nitakuonyesha bodi ile kabla ya hotuba ya kiongozi yeyote.

Kilichopatikana kwa kura moja huweza kupotea kwa kura moja. Uchaguzi wa 2024 uliacha Baraza la Wawakilishi la jimbo sare, 67 kwa 67. Kiti cha Shakopee kilipatikana kwa tofauti ya kura 14, na kura 20 zilikuwa zimepotea kabla ya kuhesabiwa. Shauri likafika mahakamani. Mapema 2025 watu wazima wasio na karatasi walikuwa wameanza kupata bima ya jimbo, MinnesotaCare. Ilipofika kupanga bajeti, Republicans walishikilia kwamba bima hiyo iondoke, la sivyo hakuna bajeti na serikali ifungwe. Tarehe 9 Juni iliondolewa kwa kura 68 dhidi ya 65. Mwana-DFL mmoja tu barazani aliunga mkono: Melissa Hortman, aliyekuwa Spika mwaka ule wa 2023, na ambaye sasa alilazimika kutimiza makubaliano ili serikali isifungwe. Alipozungumza na waandishi wa habari machozi yalimlenga. Watoto wamebakiziwa bima. Watu wazima yao inakwisha Desemba hii.

Siku tano baada ya kura hiyo, mtu aliyejifanya polisi alimwua Melissa Hortman na mumewe Mark nyumbani kwao, hapahapa Brooklyn Park. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi wakanusurika.

Mimi nasema kuiondoa bima ile lilikuwa kosa kubwa. Mtu anayepika, anayefagia na anayelea wazazi wa watu akiugua atibiwe, basi. Lakini simlaumu mama yule peke yake. Kiti kimoja zaidi kingetosha kuilinda, na katika mtaa wako nawajua raia wenye haki kamili ya kura waliobaki nyumbani Novemba ile.

Sasa Washington. Mwaka 2008 Al Franken aliupata useneta wa Minnesota kwa tofauti ya kura 312 kati ya karibu milioni 3. Kesi ikachukua miezi, akaapishwa Julai 2009. Mkesha wa Krismasi mwaka huo sheria ya bima ya afya ya Obama ilipita Seneti kwa kura 60, na 60 ndizo zilizohitajika kuuvunja upinzani. Yake ilikuwa mojawapo. Vivyo hivyo kwa ubaya: sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai mwaka huu inaipunguzia fedha Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na Medicaid ndiyo inayowalipia zaidi ya nusu ya wazee wanaotunzwa katika nyumba hizi nchini. Pengo hilo litatufikia zamuni, kwa mikono michache na wazee walewale.

Na usiniambie tena kwamba watu wetu hawafiki Bungeni. Novemba iliyopita Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota kutoka hapa kwetu. Hakuna aliyempa kiti kile kama zawadi.

Minnesota inakuruhusu kujiandikisha siku hiyohiyo ya kupiga kura, tangu 1974, na mwajiri hana ruhusa ya kukukata mshahara kwa muda uliotumia kituoni. Ila waonye wenzako ambao hawajaapa: wasijiandikishe kamwe, hata mtu akiwasukumia fomu kwa nia njema, maana wanaweza kufukuzwa nchini.

Kura pekee haitoshi. Februari ya mwaka wa uchaguzi, kama huu ujao, vyama hufanya mikutano ya mitaa, kokasi. Huko ndiko wajumbe wanakochaguliwa na ndiko mtu wa kawaida husimama na karatasi yake akapendekeza chama kidai jambo fulani. Wanaokuja mara nyingi hujaza darasa moja tu la shule, na hao wachache ndio huanza kuchuja nani atagombea. Novemba 2026 viti vyote 201 vya Bunge na kiti cha gavana vitapigiwa kura.

Nataka tupeleke kokasini azimio la kuirudisha MinnesotaCare kwa watu wazima wasio na karatasi. Liandike wewe, Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu, ukurasa mmoja tu, na uniletee kabla ya Krismasi tulisome pamoja. Mkutano huanza saa moja jioni. Omba ruhusa ya zamu mapema, nami nitakupitia kwa gari.

Shangazi yako akupendaye