Ua Lenye Mdomo na Tumbo

Ukienda Mombasa huna budi kupitia Marikiti, soko lililojengwa mwaka wa 1914 kando ya Mji wa Kale. Hapo utanusa iliki, mdalasini na bizari, na wauzaji watakuita hata kama huna haja ya kununua. Ukishuka Ndia Kuu utafika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Wageni wengi huishia hapo, wakapiga picha na kurudi hotelini. Wewe usirudi. Panda matatu uvuke daraja la Nyali, kisha ukodi mashua uingie Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka wa 1986.

Chagua siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yanapopwa sana. Miambani utaona kitu mfano wa ua kikipepea. Hilo si ua! Ni anemoni, mnyama aliye jamaa wa matumbawe na yavuyavu. Ana tundu moja tu: analotumia kulia ndilo analotolea uchafu. Minyiri yake imejaa vichembe vidogo mno vinavyofyatuka kama chusa chenye sumu, na samaki mdogo akiguswa hufa ganzi, akamezwa.

Je, wajua kuna samaki anayelala humo bila kudhurika? Wa Mombasa ana mwili mweusi, tumbo la rangi ya chungwa na mikanda miwili myeupe. Ute wa ngozi yake humkinga. Yeye huwafukuza maadui wa mwenyeji wake, naye hupewa nyumba. Na ajabu zaidi, jike akifa, dume wake hugeuka kuwa jike.

Anemoni wapo hata katika bahari za baridi. Mmoja aliokotwa Scotland mwaka wa 1828, akafugwa ndani ya gudulia la maji ya bahari. Wakampa jina la Bibi. Alizaa mamia ya watoto na akafa mwaka wa 1887! Huyo wa baridi hula anachokamata. Huyu wetu mkubwa ana mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi mwilini mwake na kumpikia chakula kwa mwanga wa jua.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mwani huo hutoka, na anemoni hubaki mweupe kama karatasi, mwenye njaa. Joto la mwaka wa 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na mwaka wa 2016 na 2024 likarudi. Anemoni akifa, yule samaki hukosa pa kujificha, akaliwa.

Joto hilo wewe na mimi hatuwezi kulizima kwa siku moja. Lakini mguu wako ni wako. Usimkanyage anemoni, usimchokoe kwa kijiti, wala usimng'oe umpeleke nyumbani. Mwambie nahodha afunge mashua kwenye boya, asitupe nanga juu ya miamba. Mnyama anayeweza kuishi miaka mingi kama Bibi hauawi na joto pekee. Hata kisigino kimoja humtosha.