Pini na Hereni Yake

Bwawa la Edgbaston haliko mbali na katikati ya Birmingham. Mhandisi Thomas Telford alilipanua katika miaka ya 1820 ili liilishe maji mifereji ya jiji, wala haielekei kwamba alifikiria matanga. Hata hivyo watu wametweka tanga pale tangu karne ya 19, nami nimekuwa mmoja wao kwa miaka michache sasa, katika mashua kuukuu ya watu wawili.

Jumamosi moja ya Oktoba nilikuwa bwawani na binti yangu wa miaka 12. Upepo ulikuwa wa magharibi, wenye vishindo. Tulipokuwa tukipiga bisha, mti wa chini wa tanga kuu ulichomoka kwenye mlingoti, ukaanguka juu ya ubavu wa mashua, shibiri moja kutoka begani kwake. Nililishusha tanga, tukapiga kafi hadi ukingoni bila kusemezana.

Pini iliyoshika kiungo cha mti ule na mlingoti niliikuta chini ya mashua, nzima kabisa. Kilichokosekana ni kipete cha waya kinachopita katika tundu la ncha yake ili isitoke. Na hapa sina wa kumlaumu. Wiki moja kabla nilikiona kipete kile kimefunguka kidogo. Nikakibana kwa koleo, nikasema kitatosha. Waya uliokwisha kupinda hauirudii nguvu yake. Kipete kipya kingenigharimu senti chache.

Nimelifikiria sana neno hilo, kitatosha, kwa sababu sikulelewa nalo. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua ya mizigo pale Pangani. Kabla ya kuvuka mlango wa mto hakuwa na haraka. Aliipitisha henza yote katika kiganja chake, kutoka kwenye gofia hadi mwisho, huku anazungumza na watu habari nyingine. Kiganja kikikuta nyuzi zilizokatika, mazungumzo yalisita. Kisha aliita: foromali, goshi, demani, dasi, na kwa kila jina kijana mmoja alikwenda kushika kilichotajwa na kuitikia. Nami nilikuwa miongoni mwa vijana hao. Nilidhani tunafundishwa majina.

Sasa naona tulikuwa tunakagua chombo. Tanga la mashua ile lilifungwa karibu lote kwa kamba, na kamba inayochakaa huonekana: huota manyoya, hukonda, hubadili rangi. Nahodha huigeuza ncha kwa ncha ili sehemu iliyosuguliwa ihame, au huikata na kuiunga upya. Mashua yangu ya Birmingham inashikwa na chuma kisichoshika kutu, na jina hilo lenyewe hupumbaza. Chuma hicho hujikinga kwa utando mwembamba unaohitaji hewa; ukikizungushia utepe wa plastiki ukauacha unyevu ndani mwaka mzima, kitaliwa pale pale usipopaona. Mlingoti wenyewe ni wa alumini, na metali mbili zisizo za jamii moja zikikutana majini, moja huila nyingine. Alumini ndiyo huliwa: unga mweupe hujitokeza kandokando ya ribiti, na siku moja ribiti hutoka na tundu lake. Maji ya bwawa hayana chumvi, kwa hiyo hayo yote huenda polepole, na mwendo huo wa polepole humfanya mtu asahau kutazama.

Lakini kipete chango sikukikosa kukiona. Nilikiona, nikakipita. Nimejiuliza kwa nini, na jibu nililolipata ni kwamba hakikuwa na jina kinywani mwangu. Henza nilikuwa nayo, na gofia, na demani. Hata dasi, kamba inayoshonewa ukingo wa tanga, ipo katika mashua yangu: ndiyo inayoteleza ndani ya mfuo wa mlingoti tanga linapopanda. Hayo yote nilikuwa nayakagua kila safari bila kujua kwamba nayakagua, kwa sauti ya mjomba. Vile vidude vya chuma vilivyokuwa kati yake havikuitwa na mtu, basi havikuitikia.

Sisi tunaofundisha lugha tumezoea kuyasikitikia maneno ya bahari kama vitu vya makumbusho. Padri Charles Sacleux aliyakusanya mengi katika kamusi yake iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941, na kila nikiifungua nashukuru. Ila kamusi hutuambia henza ni kamba ya kutwekea tanga. Haituambii kwamba neno hilo lilikuwa linaitwa alfajiri ili mkono wa mtu uende mahali fulani. Hiyo nusu ya pili ya maana nilikuwa nimeiacha Pangani, na ilikaribia kumgharimu mwanangu.

Kuna jambo la kuchekesha hapa pia. Nchi hii ya ndani, isiyoona bahari, ndiyo iliyovifunga vyombo vya baharini. Nanga kubwa ya Titanic ilitengenezwa Netherton, magharibi ya Birmingham, na mwaka 1911 ikavutwa na farasi 20 hadi kituo cha reli. Mafundi wale hakika walikuwa na jina kwa kila pingili. Mimi niliyetoka pwani ndiye niliyekuja kukaa kimya mbele ya kipete.

Basi majira ya baridi yale tuliketi jikoni, mimi na binti yangu, vidude vyote vikiwa mezani juu ya gazeti, tukavipa majina. Kile kiungo cha mlingoti Waingereza hukiita shingo ya bata bukini. Yeye akasema shingo inatosha. Shakeli tuliiacha shakeli, na sasa pini yake tunaifunga kwa waya mwembamba isijifungue kwa mtikisiko. Utepe tunaubandua kila mwisho wa msimu. Kipete alikiita hereni, kwa sababu pini hutogwa kama sikio.

Siku hizi, kabla ya kusukuma mashua majini, mimi huita kutoka juu kwenda chini: henza, shakeli, dasi, goshi, shingo, pini, hereni, demani. Yeye hushika kila kimoja na kuitikia. Wiki iliyopita nilipofika kwenye hereni hakuitikia. Alikuwa ameiinua machoni, anaitazama.

"Baba," akasema, "hii imefunguka kidogo."

Tuliitupa, tukavisha mpya.