Miaka Yangu ya Mkekani

Kazi yangu ya fiziotherapia nimeifanya karibu yote nikiwa nimeketi chini. Watoto walioletwa kwetu, katika hospitali ya serikali huku pwani ya Kenya, ni wale waliochelewa: mwezi wa sita umepita na shingo haijakaza, mwaka umetimia na bado haketi, miaka miwili inakaribia na hajasimama hata dede. Wapo waliokawia kulia walipozaliwa. Wapo waliougua manjano makali ya uchangani, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Akina mama wengi walikuwa wameshapita kwa mganga wakaambiwa ni nyuni, yule ndege wa pepo anayeaminiwa kuwadhuru watoto. Sikumkemea yeyote kwa hilo. Mama aliyepanda matatu mbili tangu alfajiri, mtoto mgongoni, anastahili kusikilizwa kwanza.

Chuoni tulifundishwa fomu za Marekani na Kanada. Ni kazi za watu waliojua wanachokipima, na baadhi nazitumia hadi leo. Tatizo ni vile vipengele vinavyomtaka mtoto apande ngazi au apange vibao vya rangi. Mtoto wa vijiji vya Ganze, huku kwetu, aliyelelewa kwenye nyumba ya udongo, ngazi ataiona kwa mara ya kwanza hospitalini. Akisita, fomu inaandika sifuri. Nyumbani kwao mtoto huyohuyo hupanda kitanda cha kamba bila kusaidiwa, na huokota punje za mahindi moja moja akawatupia kuku.

Ndiyo maana nilifurahi kilipotoka kipimo cha Kilifi, hapahapa pwani. Amina Abubakar na wenzake walikichapisha mwaka 2008, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Kinatazama namna mtoto anavyojongea na namna jicho na mkono vinavyoshirikiana, wala hakidai vifaa vya bei. Mwaka 2010 Melissa Gladstone na wenzake wakatoa kile cha Malawi, chenye vipengele 136. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na fomu zinazomjua mtoto ninayemtazama.

Hata hivyo, fomu niliifungua baadaye. Kwanza mtoto anyonye, ashibe, azoee sura yangu. Kisha mama amlaze mkekani mwenyewe, nami nisimguse. Dakika hizo za kutazama tu ndizo zilizonifundisha zaidi kuliko kitabu chochote. Nilitazama mguu upi unasalia nyuma anapogeuka. Nilitazama kama gumba limekunjwa ndani ya kiganja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, jamaa husema kwa furaha kwamba ni wa shoto. Mimi hapo niliutazama ule mkono mwingine kwa makini, kwa kuwa huenda ni mzito. Nikamwekea punje mbele yake: je, anaikomba kwa vidole vyote, au anaishika kwa gumba na kidole cha shahada? Nikamwinua kwapani: je, miguu inakanyaga, au inapishana kama mkasi?

Kwa mtoto njiti nilitoa kwanza zile wiki alizotangulia kuzaliwa, na niliendelea kuzitoa mpaka afike miaka miwili. Bila hivyo mtoto mzima anaitwa mchelewaji bure.

Kisha swali moja kwa mama: “Akitaka kitu kilicho mbali naye, anakifikiaje?” Jibu lake lilinionyesha pa kuanzia. Mmoja alibingirika mpaka akakifikia, mwingine alisota kwa makalio. Wasiotambaa waliwatia bibi zao hofu kubwa, na hapo niliwaeleza walichokiona watafiti wa Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani: takribani watoto 4 katika kila 100 wenye afya hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliweka kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8.2 na 17.6. Mwanya huo ni mpana, nami nilipenda akina mama waujue, ili wasimlinganishe mtoto na wa jirani.

Swali zito lilikuwa lao. “Daktari, huyu atakuja kutembea?” Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo nilitegemea madaraja matano ya uwezo wa kujongea ya Robert Palisano na wenzake, yaliyotoka Kanada mwaka 1997. Mtoto wa daraja la kwanza hutembea mwenyewe. Wa daraja la tano huhitaji kubebwa au kusukumwa kwenye kiti. Kuna wenzangu wanaowaficha wazazi daraja hilo, wakiogopa kuwavunja moyo. Sikubaliani nao. Mama aliyeambiwa kweli hutafuta kiti kinachomfaa mtoto mapema, na mapato yake hayaishii kwa kila anayemuahidi miujiza.

Kwa wazazi wote, ipo siku moja ya kukumbuka. Chanjo ya pili ya surua hapa Kenya hudungwa mwezi wa 18, na kufikia hapo ule mwanya wa kutembea, unaoishia miezi 17.6, unakuwa umefungwa. Mzazi, ikiwa siku hiyo mwanao bado hatembei peke yake, usiondoke kliniki kwa kuambiwa “atatembea tu.” Omba apimwe.