Reale ya Bibi

Kila mtu anacho kitu ambacho moyo wake hukipenda kupita kadiri. Wengine hupenda ng'ombe, wengine mavazi. Mimi, niliye mwalimu wa watoto huku juu milimani Upare, napenda fedha za zamani. Wala si kwa kuzitumia, maana madukani Same hazipokelewi tena, bali kwa ajili ya habari zilizomo ndani yake.

Katika kisanduku changu zimo rupia za Mjerumani zenye sura ya Kaisari Wilhelm amevaa chapeo. Zimo hela zilizoanza mwaka 1904, mia kwa rupia moja, ambazo zenyewe zimekwisha lakini jina lao twalitaja kila siku. Zimo senti zenye tundu na shilingi zenye simba. Lakini iliyo kubwa kuliko zote ni dola ya Marekani ya mwaka 1921, niliyoinunua Tanga kwa baharia mmoja mzee. Upande mmoja ina kichwa cha mwanamke, mfano wa Uhuru, na upande wa pili tai aliyekunjua mabawa.

Nilipotafuta habari zake nalistaajabu. Wamarekani walipoweka sheria ya fedha yao mwaka 1792 walifuata kipimo cha reale ya Kihispania, ile ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zilizochorwa juu yake zilifanana na mizinga. Tena kwa sheria ya mwaka 1918 Wamarekani waliyeyusha dola zaidi ya milioni 270, na sehemu kubwa ya fedha hiyo wakawauzia Waingereza ili zipatikane rupia za Bara Hindi. Na rupia hizo ndizo zilizotumika siku zile katika nchi za Waingereza huku Afrika Mashariki. Basi huenda babu zetu walishika dola za Marekani mikononi wasijue.

Siku moja mwanafunzi wangu alinijia baada ya masomo, naye ana kitambaa kilichofungwa fundo. Alipolifungua nikaona reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Malkia huyo alikufa mwaka ule ule, lakini fedha yake iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, kwa kuwa wafanya biashara wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu walikwisha kuizoea na kuiamini. Hii ilikuwa na tundu juu, alama ya kuwa ilivaliwa shingoni.

"Mwalimu," akasema, "nipe shilingi elfu tano ninunue madaftari."

Nikampa upesi, nisimwulize neno.

Usiku nikaitoa niitazame, furaha yangu ikapungua. Nalijua ya kuwa reale ya namna hii ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu tano katika sita ni fedha safi, ambayo peke yake yapita elfu tano mara nyingi. Mtoto hakujua, mimi nalijua, nikanyamaza. Nimefundisha hesabu miaka mingi, lakini hesabu ya usiku ule nilishindwa kuisahihisha.

Asubuhi nikapanda mpaka kwa bibi yake. Nilikuta vyungu vimepinduliwa na majani ya kitanda yametolewa nje, naye anatafuta. Nikasema, "Shikamoo, bibi," nikamwekea reale mkononi. Akaishika kitambo bila kusema, kisha akaketi.

"Marahaba, mwanangu. Hii aliivaa mama yangu," akasema. "Babu yake alichukua mizigo ya pembe mpaka Pangani, akarudi nayo. Wakati wa njaa tuliuza mbuzi wote, hii hatukuiuza."

Nikamweleza kosa langu lote, na thamani ya kitu kile, asije akadanganywa na mwingine. Nikamwombea mtoto radhi, maana alitaka madaftari, hakutaka peremende. Zile elfu tano sikuzidai.

Kisha nikaomba ruhusa, nikaweka karatasi juu ya reale, nikasugua kwa penseli mpaka sura ikatokea. Chini yake nikaandika habari za Pangani kama alivyozisema. Karatasi hiyo imo kisandukuni pamoja na dola yangu.

Ninyi mnaosoma, mkiwa na fedha za namna hii nyumbani, msizisugue kwa mchanga wala majivu, maana sura hufutika na thamani hushuka. Msimpe mpita njia kabla ya kuuliza bei kwa watu wawili au watatu. Na wazee wangali hai, waulizeni ilikotoka, mkaandike.