Bibi yuko wapi? Mtoto apelekwa makaburini kupata jibu

Mtoto wa miaka sita aligoma kulala. Kila taa ilipozimwa alilia, na wazazi wake hawakujua sababu.

Familia hiyo ya Kitanzania inaishi Lowell, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Wiki chache kabla, bibi mzaa mama alifariki dunia na kuzikwa Marangu, mkoani Kilimanjaro. Mama hakuweza kusafiri. Alifuatilia maziko kwenye simu, mtandao ukikatika kila baada ya dakika chache. Mtoto alipouliza bibi yuko wapi, aliambiwa, "Bibi amelala."

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mtoto wa umri huo huchukua maneno kama yalivyo. Kama bibi alilala akafukiwa, yeye je?

Jumamosi moja ya Mei, mama alimpeleka Mount Auburn, makaburi yaliyo mji wa Cambridge, jirani na Boston. Kuingia ni bure.

Mtu akipita lango lake, lililojengwa kwa mtindo wa Misri ya kale, anaweza kudhani amepotea njia. Kuna vilima, mabwawa, ndege wengi na maelfu ya miti. Vijia vingi vimepewa majina ya mimea. Makaburi yametawanyika kwenye majani, mengine yakiwa yamefunikwa nusu na maua.

Makaburi hayo yalifunguliwa mwaka 1831. Wakati huo watu wa Boston walizikwa katikati ya mji, kwenye viwanja vya makanisa vilivyokuwa vimejaa. Wengi waliamini hewa inayotoka humo huleta magonjwa. Daktari Jacob Bigelow alikuwa mstari wa mbele kutaka wafu wapelekwe nje ya mji, wazikwe kwenye bustani.

Sayansi baadaye ilionyesha kuwa hewa hiyo haikuwa chanzo cha magonjwa kama walivyodhani, lakini wazo la bustani lilidumu. Philadelphia na Brooklyn waliiga. Familia zilikwenda huko kutembea na kupumzika, kwani bustani za umma zilikuwa adimu. Umati huo ulichangia miji kuanza kujenga bustani kubwa za wananchi.

Mama na mwanawe walisimama kwenye kaburi la Harriet Jacobs, aliyefariki mwaka 1897. Alizaliwa mtumwa. Ili amkwepe bwana wake, alijificha karibu miaka saba kwenye upenyo mdogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake, kisha akatoroka na baadaye akaandika kitabu.

"Bibi yake alimficha?" mtoto aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu."

"Bibi yangu naye angenificha?"

Mama alikaa chini kwenye majani. Alimwambia kwamba angemficha, bila shaka. Kisha akasema neno alilokuwa akilikwepa: bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi wala njaa, na hatarudi. Kulala ni kitu kingine, anayelala huamka.

Mtoto alinyamaza, akaokota jani. "Bibi ana mti?"

Jioni mama alimpigia kaka yake Marangu kwa video. Kule kulikuwa usiku wa manane, lakini mjomba aliamka, akatoka na tochi mpaka kihambani. Akaonyesha kaburi katikati ya migomba na kahawa, na masale yaliyopandwa pembeni yake.

"Umeona, mjomba? Bibi yupo nyumbani kwake," alisema.

Wazazi wengi huwazuia watoto kwenda makaburini wakidhani wanawakinga. Lakini mtoto asiyeambiwa ukweli hujitungia wake, na mara nyingi huo hutisha zaidi. Mwambie kwa maneno machache na ya wazi. Epuka "amelala" au "amesafiri". Mwache aulize hata swali lile lile mara kumi, na usione aibu akikuona unalia. Kama wiki zinapita na bado halali, hali au hataki kucheza, mpeleke kwa mtaalamu wa afya.

Usiku ule mtoto aliomba taa ya koridoni iachwe ikiwaka. Iliachwa, na alilala.